Moshi wa kuni nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwa watu wenyewe: akina mama kliniki, wauza samaki, wanachama wa vikoba, na ndugu wa Newala na Nachingwea wanaopiga simu usiku. Mengi huanza na "samahani, labda ni swali la kijinga." Hakuna lililokuwa la kijinga. Majibu hayalingani urefu kwa sababu mambo yenyewe hayalingani. Kama mtoto wako anahema kwa shida hivi sasa, usianzie juu, ruka hadi swali la tatu.

1. Moshi wa kuni una nini hasa? Si moshi tu?

Kuni ingeungua yote sawasawa, ungebaki na joto, mvuke, kaboni dayoksaidi na majivu. Lakini kwenye mafiga matatu haiungui hivyo hata siku moja. Sehemu isiyoungua ndiyo inayopanda kama moshi: chembe za masizi na lami, gesi ya kaboni monoksaidi, na kemikali kama benzini na fomaldehaidi. Fomaldehaidi ni mojawapo ya vitu vinavyokutoa machozi unapoinama kupuliza moto.

Zinazoumiza zaidi ni zile chembe ndogo ambazo wataalamu huziita PM2.5. Ukiigawa milimita moja vipande elfu moja, upana wake hauzidi vipande viwili na nusu, na unywele wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo kwa karibu mara thelathini. Vumbi la barabarani hukamatwa puani na kooni, ukalipenga au ukalikohoa. Chembe hizi hupita, zikafika mwisho kabisa wa mapafu pale hewa inapokutana na damu, na nyingine huingia kwenye damu yenyewe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka hewa tunayovuta isizidi wastani wa mikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa siku moja. Ndani ya banda la jiko lililozibwa, moto ukiwa ndiyo kwanza unawashwa, vipimo huenda mamia, na mara nyingine hupita elfu.

Hauna kipimo? Ingia kwenye jiko lolote la makuti lenye miaka mitatu, tazama juu. Utaona masizi yananing'inia kama nyuzi nyeusi, mengine yamekusanyika kwenye utando wa buibui hadi utando umekuwa mnene kama uzi wa kushonea. Tundika kitambaa cheupe usawa wa kichwa cha mpishi, kiache wiki moja, kisha kitazame. Na hayo ni yale makubwa yanayoonekana.

2. Bibi yangu amepikia kuni miaka 60 na bado anakwenda shamba. Mbona mnatutisha?

Bibi apewe shikamoo yake. Kila mtaa pia una mzee aliyevuta sigara tangu ujana na bado anacheza bao barazani. Wenzake waliotangulia hawaji barazani kutusimulia.

Muulize bibi alikuwa anapikia wapi. Wengi wa rika lake watakwambia: uani, chini ya mwembe, na mvua ikinyesha ndipo waliingia bandani. Leo mjini ua ni futi chache, jiko limebanwa kati ya ukuta na choo, na mvuke wa ugali hauna pa kwenda. Kuni ni zilezile, hewa ndiyo imepungua.

Halafu kuna hili ambalo hata watu waliosoma huwa hawalijui: moshi wa jikoni hauui kwa kifua peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya nusu yake vilikuwa vya ugonjwa wa moyo na kiharusi. Waliobaki walikufa kwa nimonia na maambukizi mengine ya mapafu, kwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na kwa saratani ya mapafu. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Kwa hiyo mama aliyeanguka ghafla upande mmoja ukapooza, tukasema "presha tu, kazi ya Mungu", huenda jiko nalo lilichangia. Hakuna atakayeliandika jiko kwenye cheti cha kifo.

3. Mtoto wangu anakohoa. Nitajuaje kama ni mafua, moshi au nimonia?

Kwa kusikiliza kikohozi, hujui. Kwa kuhesabu pumzi, unaweza kujua mengi.

Subiri mtoto ametulia, halii wala hanyonyi. Funua kifua na tumbo. Chukua simu yenye saa, hesabu kila mara tumbo linapopanda, kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, 40 au zaidi. Akifikisha hapo, mpeleke zahanati leo, si kesho baada ya kumjaribisha dawa ya duka.

Kama chini ya mbavu panabonyea kwa ndani anapovuta hewa, au anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri, usihesabu tena. Ondoka usiku huohuo.

Moshi unaingiaje hapa? Unachubua njia za hewa na kudhoofisha ulinzi wa mapafu, wadudu wa nimonia wakapata mlango. Na anayevuta moshi mwingi baada ya mama ni yule aliye mgongoni. Mtazame mama akiwasha moto na mtoto kamfunga kwa kanga: anainama, anapuliza mara tatu, moshi unapanda, yeye anageuza uso pembeni na kufumba macho. Mtoto hana pa kugeukia. Uso wake uko juu ya bega la mama, palepale moshi unapopita.

Ushauri wa bure kabisa: dakika za kuwasha moto ndizo mbaya kuliko zote. Mpe dada yake amshike nje mpaka kuni zishike. Ukishindwa mengine yote kwenye ukurasa huu, shika hilo.

4. Na mimi mwenyewe ninayekohoa kila asubuhi?

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza, upike kwa kuni au usipike. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Nimeona watu wakijiambia "ni moshi tu" mwaka mzima wakati wanaambukiza nyumba nzima. Kipimo kikirudi safi na bado unahema ukipanda kilima ulichokuwa ukikipanda na ndoo kichwani, mweleze daktari kwamba umepikia kuni na kwa miaka mingapi. Huenda asikuulize. Wengi huuliza sigara tu, na mwanamke akijibu "sivuti", faili linafungwa.

5. Nina mimba. Nifanye nini?

Kaboni monoksaidi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu yako, na mtoto aliye tumboni anaishi kwa damu hiyo. Moshi mwingi wakati wa ujauzito unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Wakati huu ndio wa kudai zamu: shemeji, mume, mdogo wako, mtu mwingine asimame jikoni. Mume kupika ugali miezi michache hakujawahi kumwangusha mwanamume yeyote Mtwara, ingawa ukiwasikiliza barazani utadhani kunaua.

6. Macho yangu ni mekundu muda wote. Ni moshi?

Inawezekana sana, na kupikia kwenye moshi miaka mingi kunahusishwa pia na mtoto wa jicho, hasa kwa wanawake. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji mfupi. Dawa za kudondoshea hazimwondoi, wala maji ya majani hayamwondoi. Kule Kanda ya Ziwa kuna vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi sababu ya macho mekundu, kumbe ni miaka ya kukaa mbele ya moto. Sisi kusini tusijione bora, lakini tulikumbuke.

7. Kuni zipi hazina moshi? Mkorosho ukoje?

Hakuna kuni isiyo na moshi. Tofauti kubwa haipo kwenye jina la mti, ipo kwenye maji yaliyomo. Mti uliokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Moto unahangaika kwanza kuyachemsha, joto linapungua, na moto wa joto dogo ndio unaofuka.

Watu wa huku tuna bahati moja ambayo hatuitumii vizuri: mwaka wetu umegawanyika wazi. Kusi inapovuma, kuanzia katikati ya mwaka, hewa ni kavu na upepo haukatiki. Huo ndio wakati wa kukusanya. Ukipogolea mikorosho, usiyaache matawi mpaka siku unayoyahitaji. Yapasue mapema, kwa sababu gome linafungia maji ndani na tawi zima hukauka polepole kuliko lililochanjwa. Yapange juu ya magogo mawili yasiguse ardhi, upepo upite kati. Kabla mvua za Desemba hazijashika, yawe chini ya bati au makuti. Anayekwenda kuokota kuni Februari na kuzipika siku hiyohiyo anapikia maji.

Utazijuaje zilizokauka? Ncha zina mipasuko, gome linabanduka lenyewe, na ukigonga mbili pamoja zinalia "ko!" kwa sauti kavu. Mbichi hulia "bu", kama umegonga muhogo.

Mikoko inaungua kwa joto zuri, wavuvi wote wanajua, ila misitu ya mikoko imehifadhiwa kisheria na kuikata bila kibali ni kosa. Makumbi ya nazi hufuka sana. Vifuu vikikauka vinaungua kwa nguvu na ni kichocheo kizuri cha kuanzia.

8. Jiko langu ni la makuti na udongo. Niweke dirisha au dohani?

Anza na mwanya. Acha nafasi ya shubiri mbili au zaidi kati ya kichwa cha ukuta na paa, pande mbili zinazotazamana, moshi upande na kutoka. Dirisha moja dogo chini linaingiza mwanga, halitoi moshi.

Dohani ni nzuri, lakini bomba la bati likipenya kwenye makuti ni kiberiti kinachosubiri siku yake. Kama paa ni la makuti, dohani itoke ukutani na ipande nje mbali na paa, au uache kabisa uongeze mwanya. Kwenye paa la bati ni rahisi zaidi. Isafishwe masizi, maana dohani iliyoziba inarudisha moshi ndani kuliko jiko lisilo nayo.

Na kwa nini usipike nje miezi isiyo na mvua? Wengi hujibu upepo. Kusi inavuruga moto kweli. Kizuizi cha nusu ukuta upande wa kusini, wazi pande nyingine tatu, kinatosha. Baadhi ya wenzetu wa Newala, ambako uwanda wa juu una baridi na ukungu Juni na Julai, hufunga mlango ili joto libaki. Hapo jiko linakuwa limegeuzwa chumba cha kuotea moto, na wazee na watoto ndio wanaokaa humo muda mrefu. Blanketi la ziada ni salama kuliko mlango uliofungwa.

9. Jiko banifu la udongo linamaliza tatizo?

Linapunguza kuni, nalo si jambo dogo kwa anayetembea saa mbili kuzitafuta. Linapunguza na moshi, hasa likiwa na dohani. Kulimaliza tatizo, hapana.

Majirani zetu wa Malawi walifanyiwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wenye watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya familia zilipewa majiko ya kuni yanayounguza vizuri zaidi, nusu zikaendelea na moto wa kawaida. Nimonia kwa watoto wadogo haikutofautiana. Jiko bora bado linatoa moshi, na nje ya jiko kuna taka zinazochomwa, koroboi, sigara na moto wa jirani.

Nimekutana na maofisa wasiopenda kulitaja hilo, wakihofu watu watakata tamaa. Mimi naona mtu mzima anastahili kuambiwa ukweli: jiko banifu ni hatua, lichukue kwa ajili ya kuni, macho na kikohozi, huku ukijua kwamba kinacholinda mapafu kwa kiasi kikubwa ni kuacha kuunguza kuni ndani.

10. Si bora nitumie mkaa? Hauna moshi.

Hauna moshi unaoonekana. Una kaboni monoksaidi nyingi, na hiyo haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, unasikia usingizi, unalala, huamki.

Kwa hiyo jiko la mkaa halilali chumbani. Nalisema hili hasa kwa ajili ya mzazi na mtoto mchanga. Desturi ya kumtia mzazi joto tunaijua na ina upendo ndani yake, ila jiko la mkaa chini ya kitanda, mlango umefungwa "upepo usimwingie", limeua watu. Maji ya moto ya kumkanda yachemshwe nje, yaletwe kwenye ndoo. Ukimkuta mtu amezimia chumbani kwenye mkaa, fungua mlango, mvute nje kwenye hewa, halafu ndiyo ita watu na mpelekeni hospitali.

11. Nawashia moto kwa mfuko wa plastiki. Kidogo tu.

Acha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio havijaisha na ndivyo vinavyoishia jikoni. Plastiki inatoa sumu ambazo kuni hazina, na moshi wake unaingia kwenye sufuria isiyofunikwa.

Kibaya zaidi huku kwetu ni mifuko ya salfa iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho. Salfa ikiungua hutoa gesi ya salfa dayoksaidi, ile inayokata pumzi na kuamsha pumu papo hapo. Washia kwa makuti makavu, vifuu au vijiti vyembamba.

12. Moshi wa kubangua korosho ni sawa na wa kuni?

Ni mbaya zaidi, na unastahili maelezo.

Kati ya tabaka za ganda la korosho kuna mafuta makali yenye asidi, yaleyale yanayobabua midomo ya mtoto aliyeng'ata korosho mbichi. Unapokaanga korosho nyumbani kwenye kipande cha bati au debe lililotobolewa, mafuta yanachuruzika, yanashika moto, na moshi mweusi mzito unatoka na sauti ya kupasuka. Mafuta hayo yanapanda na moshi. Ndiyo maana uso unawasha baadaye, kope zinavimba, na ngozi ya mikono ya wabanguaji inakuwa nyeusi na kubanduka.

Kwa hiyo: kamwe si ndani, wala si kwenye banda lenye mwanya mzuri. Uwanjani, na wewe ukae upande upepo unakotoka, joshini kama wanavyosema mabaharia wa Mikindani. Tumia mti mrefu kukorogea, usiuegemee moto. Zikishaiva zimwage kwenye mchanga, funika na mchanga mwingine zizime na mafuta yafyonzwe. Zikipoa, paka majivu mikononi kabla ya kuzipasua. Watoto na mwenye pumu wawe mbali, tena mbali kweli, si "pale mlangoni". Maganda usiyafanye kuni za kupikia chakula, hata kama yanaungua kama petroli.

13. Kwenye shughuli tunapika usiku kucha. Tutakwepaje?

Msimu wa unyago na harusi wapishi wanakaa mbele ya mafiga sita kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri, na asubuhi wana sauti kama wameumwa wiki nzima. Wekeni zamu za saa moja moja. Mafiga yapangwe kwa mstari unaokata upepo, si mmoja nyuma ya mwingine, vinginevyo wa mwisho anavuta moshi wa wote. Mwenye mimba akate vitunguu upande wa pili wa nyumba. Na mwenye shughuli anunue kuni kavu, hiyo ni heshima kwa wapishi kuliko kanga ya sare.

14. Gesi inatoka kwetu. Kwa nini sisi bado tunapikia kuni?

Hili huulizwa kwa hasira, na hasira yenyewe ina historia. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Bomba kubwa la kuelekea Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, miaka miwili baada ya vurugu za 2013 za kulipinga bomba hilo, ambazo watu wa Mtwara hawajazisahau. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huzalisha umeme na kuendesha viwanda. TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi, imeunganisha baadhi ya nyumba Mtwara na Lindi kwa mabomba ya gesi ya kupikia, lakini mwanakijiji wa Tandahimba au Liwale hajaliona bomba hilo, na bomba la majumbani ni gharama kulifikisha kwenye nyumba zilizotawanyika.

Kwa wengi wetu, kwa hiyo, "gesi" maana yake ni mtungi, na huo una propani na butani, si gesi asilia ya Msimbati, huko Mnazi Bay. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kikwazo kikubwa ninachokiona si mtungi wa kwanza, ni wa pili. Korosho zinaingiza hela kuanzia Oktoba, mtungi unajazwa; Aprili hela hakuna, mtungi umekaa kona umefunikwa kitambaa cha kudarizi, na mafiga yanawaka. Kikundi cha vikoba kinachoweka akiba ya kujazia gesi miezi ya njaa kinafanya kazi kubwa kuliko anayegawa mitungi jukwaani.

15. Naogopa gesi italipuka.

Hofu hiyo si ujinga, ila ina kanuni. Gesi yenyewe haina harufu, imetiwa harufu makusudi uitambue ikivuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni. Gesi ya bomba ni nyepesi, inapanda darini. Kwa hiyo jiko la mtungi linahitaji upenyo chini, na la bomba upenyo juu. Ukisikia harufu: usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa, funga valvu, fungua milango, toka. Mpira wa gesi upimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa njiti.

16. Maharage na mbaazi vinamaliza gesi. Na kisamvu cha kuni ni kitamu zaidi.

Loweka mbaazi usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa mfuniko uliobana. Muda unapungua sana. Mwenye umeme na jiko la presha atashangaa zaidi. Kuhusu utamu sibishani, samaki wa moshi ni wa moshi. Pikia kuni kile kinachodai ladha hiyo, nje, mara moja kwa wiki, na chai ya asubuhi na ugali wa kila siku viende kwenye gesi. Kinachohesabika ni saa unazokaa kwenye moshi.

17. Maziwa yanasafisha mapafu? Na barakoa?

Maziwa yanakwenda tumboni. Ni chakula kizuri, kunywa, ila mapafu hayahusiki. Kanga mdomoni inazuia majivu makubwa na si chembe ndogo. Barakoa ya kitambaa ni vivyo hivyo.

18. Moshi unafukuza mbu, na mbegu zangu ninazitunza juu ya jiko.

Mbu wanaweza kupungua, lakini kinga ya malaria ni chandarua chenye dawa. Mtu asikohoe usiku kucha kwa ajili ya mbu.

Mbegu ni hoja ya kweli. Mahindi juu ya chaga yanaponea moshi, wadudu hawayataki. Ila mbegu zinahitaji moshi, wewe huuhitaji: washa moto wa kufukiza mbegu peke yake, toka, funga. Au hifadhi mbegu zilizokauka vizuri kwenye mifuko isiyopitisha hewa, wadudu wafe kwa kukosa pumzi.

19. Moshi wa jirani unaingia chumbani kwangu kila jioni.

Jioni za kipupwe hewa inatulia na moshi unatanda chini badala ya kupanda, ndiyo maana unauona zaidi saa ya magharibi. Nenda kwa jirani mchana, moto ukiwa umezimwa, wala usiende na mjumbe. Mara nyingi kusogeza mafiga hatua tano au kuhamisha mlango wa banda upande mwingine kunatosha, na ukijitolea kusaidia kupasua kuni zake utasikilizwa haraka zaidi. Anayechoma taka na plastiki kila jioni ni habari nyingine. Huyo afikishwe kwa mwenyekiti wa mtaa.

20. Masizi au majivu ya jikoni yanafaa kupakwa kwenye kitovu cha mtoto mchanga?

Hapana. Yanaweza kuingiza pepopunda. Kitovu kiwe kikavu, kisifunikwe na nepi, na kipakwe tu kile alichokupa muuguzi, kama amekupa kitu. Kikinuka, kikitoa usaha au ngozi inayokizunguka ikiwa nyekundu, mrudishe mtoto kituoni siku hiyohiyo.